Je, wajua? Kwa nini 2:03:02 ya Geoffrey Mutai haikuwa rekodi ya dunia

Tarehe 18 Aprili 2011, Geoffrey Mutai alikata utepe wa Boston Marathon kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 2:03:59, ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia, iliyowekwa Berlin mwaka 2008. Mutai alikuwa ameipunguza kwa sekunde 57. Sekunde nne nyuma yake alifika Moses Mosop wa Marakwet, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anakimbia marathoni. Wanaume wawili wa Bonde la Ufa walikuwa wamekwenda kasi kuliko binadamu yeyote kabla yao, na bado rekodi ikabaki kwa Gebrselassie.

Uliza sababu kwa wapenzi wa riadha wa Eldoret au Iten, na mara nyingi utapewa moja kati ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba siku hiyo upepo ulipimwa, ukapita kiwango, wakamnyima. La pili ni kwamba wakubwa wa riadha hawakutaka rekodi iende kwa Mkenya. Majibu yote mawili yana kosa, ingawa la kwanza linakosea kwa namna ya kuvutia zaidi.

Tulimalize la pili haraka. Katika mbio zile zile, Mmarekani Ryan Hall alimaliza wa nne kwa 2:04:58. Rekodi ya Marekani ilikuwa 2:05:38, ya Khalid Khannouchi, tangu London 2002. Hall alikimbia kwao, mbele ya watu wake, akawa na kasi kuliko rekodi ya taifa kwa sekunde 40, na yeye pia hakuandikiwa chochote. Miezi mitano baadaye Patrick Makau alikimbia 2:03:38 mjini Berlin. Muda huo ni mbaya kuliko wa Mutai kwa sekunde 36, lakini Makau, Mkenya vilevile, ndiye aliyetangazwa mmiliki mpya wa rekodi. Ubaguzi wa namna hiyo ungekuwa wa ajabu sana.

Sasa upepo. Katika mita 100, mita 200, kuruka chini na miruko mitatu, kuna kifaa kando ya uwanja kinachopima upepo, na ukizidi mita 2.0 kwa sekunde kutoka mgongoni, rekodi haihesabiwi. Watu wengi hudhani kanuni hiyo inafuata wanariadha hadi barabarani. Haifuati. Hakuna kipimo cha upepo kinachoamua rekodi ya marathoni, na kingewekwa wapi, ikiwa barabara ina kilomita 42 na kona zisizo na idadi? Mutai angeweza kukimbia siku ambayo hata jani halitikisiki, na jibu lingekuwa lile lile. Kwa upande wa rekodi ya dunia, Boston ilikuwa imeshajikatalia kabla bunduki haijalia.

Kinachoikataa ni ramani. Kanuni za kimataifa zinadai mambo mawili kuhusu njia ya mbio. Moja, mahali pa kuanzia na pa kumalizia, ukipima kwa mstari ulionyooka, pasiachane zaidi ya nusu ya urefu wa mbio. Kwa marathoni hiyo ni kilomita 21.1. Pili, kati ya mwanzo na mwisho njia isishuke zaidi ya wastani wa mita 1 kwa kila kilomita, yaani kama mita 42 kwa jumla. Boston inaanzia mji mdogo wa Hopkinton, inaelekea mashariki na kuishia Boylston Street katikati ya jiji, kama kilomita 38 kwa mstari ulionyooka. Inashuka takriban mita 140. Imevunja masharti yote mawili, tena kwa mbali.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili, fikiria mwandalizi anayetaka mbio za kutoka Iten hadi Eldoret, wazo ambalo kwa macho ni zuri mno. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Eldoret kwenye 2,100 na kidogo. Mteremko wa karibu mita 300 ndani ya kilomita kama 35 za barabara ni mara nane ya unaoruhusiwa. Kuanzia Eldoret kwenda Iten sharti la mteremko linatimia kabisa, kwa sababu kanuni haina ugomvi na anayepanda. Lakini nani atavunja rekodi akipanda kwenda Iten?

Sharti la mteremko halihitaji maelezo mengi. La umbali ndilo lenye utamu, maana ndilo linaloushughulikia upepo bila kuupima.

Mfikirie kijana wa baiskeli kwenye barabara tambarare ya Kisumu kwenda Ahero, amefunga godoro wima kwenye keria. Anakwenda kilomita 20 kwa saa, karibu sawa na Mutai, ambaye siku ile wastani wake ulikuwa 20 na nusu. Hewa ikiwa imetulia, godoro linamvuta nyuma kiasi. Tuiite nguvu hiyo moja. Upepo wa kilomita 20 ukitokea mgongoni, hewa na godoro vinasafiri pamoja, na kijana hasikii kitu. Amesamehewa ile moja yote. Sasa ageuze arudi Kisumu kwa mwendo ule ule. Godoro linakutana na hewa kwa kilomita 40 kwa saa, na hapo ndipo hesabu inapomgeuka, kwa sababu msukumo wa hewa haukui sambamba na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Kwenda alisamehewa moja, kurudi anaongezewa tatu. Ndiyo maana mbio zinazozunguka na kurudi zilikoanzia haziwezi kunufaika na upepo usiobadilika. Kila zawadi ya kwenda inalipwa kwa riba wakati wa kurudi.

Kanuni lakini haidai urudi ulikoanzia. Inakuachia nusu. Mwandalizi mjanja anaweza kuchora njia ya kilomita 31.6 upepo ukiwa mgongoni, kisha 10.5 upepo ukiwa usoni, na bado akawa ndani ya sheria. Hizo ni robo tatu na robo moja. Irudie hesabu ya godoro: robo tatu zenye msamaha wa moja moja, na robo moja yenye nyongeza ya tatu. Zinafutana kabisa. Sidai kwamba walioandika kanuni walikaa na karatasi wakafikia hapo, lakini nusu yao imeangukia pazuri sana. Upepo ukiwa mdogo kuliko mwendo wa mkimbiaji bado inabaki faida ndogo, kwa hiyo sharti hili ni wavu wenye matundu.

Mtu pia si godoro. Kiwiliwili ni chembamba, wakimbiaji hukingana wanapokimbia kwa kundi, na hewa ni sehemu ndogo tu ya kinachomchosha mwanariadha. Kwa hiyo wanaokutajia kwamba upepo wa 2011 ulimpa Mutai dakika mbili kamili, au moja na nusu, wanakisia. Kilicho wazi ni kwamba ulivuma kutoka magharibi, njia inaelekea mashariki, na wanaume wanne walimaliza chini ya 2:05 mahali ambapo hapo awali muda bora kabisa ulikuwa 2:05:52. Mwaka 2018, kwenye lami ile ile, mvua ya baridi na upepo viliwakabili usoni. Yuki Kawauchi wa Japani akashinda kwa 2:15:58, akimpita Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia. Karibu dakika 13 nyuma ya Mutai, na bado ni ushindi.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko kanuni. Mbio za Boston zilianza 1897, na mwanzo ukahamishiwa Hopkinton mwaka 1924. Zamani muda wake ulitambuliwa: 2:25:39 ya Suh Yun-bok wa Korea, ya 1947, imo kwenye orodha ya muda bora wa dunia. Rekodi rasmi za dunia za marathoni zilianza kutambuliwa 2004 tu. Kwetu Boston ilifunguliwa na Ibrahim Hussein wa Nandi mwaka 1988, aliyemshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja, na kuanzia 1991 hadi 2000 mshindi wa wanaume alikuwa Mkenya kila mwaka.

Wapo wanaosikia habari ya mteremko wakahitimisha kwamba Boston ni rahisi. Kushuka kwa kilomita za mwanzo huyasaga mapaja, na mapaja hayo hayo ndiyo yanayotakiwa kupanda vilima vya Newton baada ya kilomita 26 hivi, cha mwisho kikiwa Heartbreak Hill. Eliud Kipchoge alifika huko 2023 akiwa na rekodi ya dunia ya 2:01:09 na akamaliza wa sita kwa 2:09:23.

Mutai mwenyewe hakupoteza ushindi wala muda wake. 2:03:02 iliandikwa kama rekodi ya Boston na ikadumu zaidi ya miaka kumi. Aliyedhani ni kazi ya upepo mtupu alipata jibu Novemba ile ile ya 2011 mjini New York, kwenye njia ya madaraja matano ambayo rekodi yake ilikuwa 2:07:43. Mutai alishinda kwa 2:05:06.