Baridi Kali Haifinyangi Theluji
Anayetamani kucheza kwenye theluji kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo mchezo unavyonoga. Sivyo. Theluji hushikamana vizuri joto linapokaribia nyuzi 0 za Selsiasi, kwa kuwa wakati huo chembe zake huwa na utando mwembamba wa maji unaozigandisha pamoja unapozifinya kiganjani. Lakini joto likishuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, kama inavyotokea Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Januari, theluji huwa kavu, hulia kwaru kwaru chini ya viatu, na ukijaribu kuifinyanga tonge hupukutika vidoleni kama sembe isiyotiwa maji. Glavu za sufu, kwa bahati mbaya, hulowa upesi siku ile ile inayofaa kwa mchezo.