Confucius hakusema "tii serikali unyamaze": tunayodanganyana kuhusu falsafa za kale za China

Likizuka gumzo la China mtandaoni, iwe ni reli, iwe ni mikopo, iwe ni kigogo kahukumiwa kifo kwa rushwa, hakosi mtu wa kuandika "wale wamelelewa na Confucius bana, wanatii tu, sisi hatuwezi", na laiki zinamiminika. Sasa hiyo ndo dhana ya kuanza nayo, manake imebeba makosa kadhaa kwa mpigo.

Confucius mwenyewe kazaliwa 551 KK kwenye dola ndogo ya Lu, Shandong ya leo. Kwao aliwahi kupata cheo, hakikudumu, akaondoka akazunguka dola moja hadi nyingine miaka zaidi ya kumi, wanafunzi wake nyuma, akitafuta mtawala wa kumwachia amwonyeshe nchi inavyoendeshwa. Wakampokea, wakamlisha, wakamsikiliza, basi. Kazi hakuna. Akarudi Lu kufundisha mpaka alipofariki 479 KK. Yaani hiyo "serikali ya Confucius" watu wanayoisema yeye hakuiona hata siku moja, na hata Lunyu, kitabu cha mazungumzo yake, kimekusanywa na wanafunzi wake na waliokuja baada yao.

Haya, na utii je? Alipoulizwa kuhusu utawala alijibu mfalme awe mfalme, mtumishi awe mtumishi, baba awe baba, mtoto awe mtoto. Watu wanarukia pale kwa mtumishi na mtoto, kumbe maneno yenyewe yanaanza na mfalme! Naye ana kazi yake na akiiharibu ameiharibu. Mencius, mfuasi wake wa karne ya 4 KK, alilisukuma hilo mbele zaidi: akaulizwa kuhusu mfalme Zhou, yule katili wa mwisho wa ukoo wa Shang, je ni halali mtumishi kumuua bwana wake? Akasema amesikia kuna jamaa mmoja anaitwa Zhou kauawa, kwamba mfalme kauawa hilo hajalisikia. Unaona alivyomvua cheo. Maneno hayo yalimkera sana mwanzilishi wa ukoo wa Ming, mpaka mwaka 1394 ikatolewa nakala ya Mencius iliyofyekwa vifungu zaidi ya 80, na hiyo peke yake inakuonyesha kama vitabu hivi vilikuwa vya kulaza watu au la. Hata kwenye Xiaojing, kitabu cha heshima kwa wazazi, mwanafunzi anauliza kama mtoto mwema ni wa kufuata kila anachosema baba, mwalimu anang'aka, haya ni maneno gani, baba akielekea kwenye ubaya mtoto inabidi ambishie.

Kwa hiyo ule ukali wa dola tunaoutupia Confucius umetoka wapi? Kwa mahasimu wake. Wale watu wa sheria kali, Fajia, ambao kwao wema wa moyoni haujengi nchi, kinachojenga ni adhabu na zawadi zisizobagua. Shang Yang alianza mageuzi yake dola ya Qin mwaka 356 KK: kaya zikafungwa makundi ya tano na ya kumi, mmoja akikosea wenzake wakanyamaza wanabeba wote, na vyeo vya jeshini vikapatikana kwa vichwa vya maadui badala ya jina la ukoo. Mrithi wa kiti alipovunja sheria wakaadhibiwa walimu wake. Mrithi huyo akaja kutawala mwaka 338 KK na hapo Shang Yang akatimua mbio, na mwanahistoria Sima Qian anasimulia kwamba usiku alifika nyumba ya wageni mwenyewe akamkatalia, eti sheria ya Shang Yang hairuhusu kupokea mtu asiye na utambulisho. Mwishowe akauawa. Sheria zake lakini zikabaki.

Usidhani pia kambi hizi zilikuwa zimetengana kabisa. Han Fei, aliyeiandika falsafa ya Fajia vizuri kuliko wote, alisomeshwa na Xunzi, ambaye ni wa upande wa Confucius kabisa. Mozi naye, mwanafalsafa mwingine wa zama hizo, alikuwa anawasema wafuasi wa Confucius kwa misiba yao ya gharama na ngoma zao. Hiyo "falsafa ya Wachina" kama kitu kimoja haikuwepo, kulikuwa na ugomvi.

Kuna na hii ya Qin, dola ileile ya Shang Yang iliyokuja kuitawala China yote, kwamba kwa kuwa walikuwa wakali basi kila kosa ni kukatwa kichwa. Chanzo ni simulizi la Chen Sheng, aliyekuwa anapeleka watu kulinda mpaka mwaka 209 KK, mvua ikawachelewesha, na kwa kuwa kuchelewa ni kifo wakaona bora waasi. Sasa mwaka 1975 huko Shuihudi, Hubei, likafukuliwa kaburi la ofisa mdogo wa Qin aliyezikwa na vipande vya mianzi zaidi ya elfu moja vilivyoandikwa sheria, na ukisoma adhabu za kuchelewa kazi ya umma unakuta: siku 3 hadi 5 ni karipio, 6 hadi 10 faini ya ngao moja, zaidi ya 10 faini ya deraya moja. Mvua ikizuia, kazi inafutwa! Ni sheria ya kazi za umma, ya walinzi wa mpaka huenda ilikuwa tofauti, kwa hiyo ubishi upo, ila picha ya dola la kuchinja kila mtu inayumba. Humohumo kuna mwongozo wa watumishi unaowaambia wawe wanyoofu na wasiwaonee walio chini, maneno ambayo ungedhani ni ya Confucius.

Laozi naye wamemfanya babu wa kupumzika chini ya mti. Daodejing, kitabu kinachohusishwa naye, inaongea na watawala muda mwingi tu: kuendesha nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo, na aliyewahi kukaanga dagaa wabichi anajua ukiwageuzageuza unabaki na makombo. Watawala wa mwanzo wa Han, ukoo uliotawala baada ya Qin, yaani Wen na Jing, walifuata mrengo huo, kodi ya mazao ikashuka hadi sehemu moja ya thelathini. Ila kitabu hichohicho kinashauri watu washibishwe matumbo na wapunguziwe ujuzi, hilo kwenye status za wasapu silioni.

Halafu eti Han ilimchagua Confucius ikaachana na Fajia. Mfalme Wu kweli aliweka wasomi wa vitabu vya Confucius mwaka 136 KK na chuo mwaka 124 KK kikianza na wanafunzi 50, lakini serikali yake hiyohiyo ikahodhi chumvi na chuma kulipia vita, na mwaka 81 KK wasomi wakaitwa ikulu wakabishana na waziri Sang Hongyang uso kwa uso wakitaka ihodhi hiyo ifutwe. Ya chumvi na chuma ikabaki. Na mfalme Xuan alipoona mwanae kazama mno kwa wasomi hao akamkaripia, ukoo wa Han una utaratibu wake, umechanganya zote mbili. Mimi naona hapo ndo penyewe.

Mitihani ya serikali nayo haikuanza na Confucius, ni enzi za ukoo wa Sui, zaidi ya miaka elfu moja baada yake, na waliofanya ufafanuzi wa Zhu Xi, msomi wa karne ya 12 wa upande wa Confucius, kuwa ndo majibu sahihi ni watawala wa Kimongolia, agizo la mwaka 1313. Ikafutwa 1905. Mwaka 1966 Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, waliingia Qufu, kwao Confucius, wakavunja sanamu na mawe ya kumbukumbu. Mwaka 2005 Taasisi ya Confucius ya kwanza Afrika ikafunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa msaada wa serikali ya chama kilekile cha Mao, cha Kikomunisti.