Mpigaji wa besiboli akishavuka miaka 30, thamani yake sokoni inapimwaje?

Kwenye besiboli ya Marekani mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umeisha na anaweza kwenda klabu yoyote, hilo wapenzi wa soka mnalijua, ila huku kuna sheria moja inabadilisha hesabu yote: lazima mtu atimize miaka 6 ya utumishi ligi kuu ndo aruhusiwe kuingia sokoni. Sasa wengi wanapanda ligi kuu wakiwa na miaka 23, 24, 25, ukiongeza hiyo 6 unamkuta mtu sokoni na miaka 29 mpaka 31, wakati wapigaji walio wengi wanakuwa kwenye ubora wao wa juu kama miaka 26 hadi 29 hivi. Yaani miaka yake mitamu kaifanyia kazi klabu kwa mshahara mdogo kuliko alichozalisha, alafu siku anaruhusiwa kudai hela kamili ndo mwili unaanza kushuka. Kwahiyo mtu akisema mzee fulani kaiibia klabu mimi sikubali kabisa, mfumo ndo umepangwa hivyo.

Basi klabu inanunua nini? Inanunua ushindi atakaoleta ndani ya miaka ya mkataba, na rekodi za nyuma zinasaidia kukadiria tu. Kuna kipimo kinaitwa WAR, kinakadiria mchezaji anaiongezea timu ushindi mara ngapi kwa msimu ukilinganisha na mtu wa bei rahisi ambaye ungemtoa ligi za chini. Wanaopiga hizi hesabu wametumia sana makadirio ya kama dola milioni 8 kwa ushindi mmoja sokoni, na wanaweka kwamba mtu akishavuka 30 anapungua kama nusu ushindi kila mwaka.

Chukua mpigaji wa kukadiria tu, ana miaka 33, anatarajiwa kuleta ushindi 3 mwaka wa kwanza. Miaka 4 ya mwanzo ni 3, 2.5, 2 na 1.5, jumla 9, sawa na dola milioni 72, yaani kama milioni 18 kwa mwaka. Ukimwongezea miaka 3 mingine unapata 1, 0.5 na sifuri, ni ushindi mmoja na nusu tu, milioni 12! Wakati kama ungeendelea kumlipa kiwango kilekile cha milioni 18 kwa mwaka, hiyo miaka mitatu ya mwisho ingekula milioni 54. Hapo ndo mikataba inapoharibikia, mkiani.

Mfano ambao kila mtu anautaja ni Albert Pujols, na unastahili kutajwa. Misimu 11 St. Louis Cardinals, homu rani 445 (mapigo yanayotoa mpira nje ya uwanja), wastani wa kupiga .328 (yaani anafanikiwa mara 328 kwa kila 1000), MVP mara 3, ile tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Desemba 2011 Los Angeles Angels wakampa miaka 10 kwa dola milioni 240, anakaribia kutimiza 32. Akiwa na Angels wastani ukawa .256, miguu ikamsumbua, na wakamwachia Mei 2021 kabla mkataba haujaisha. Angalia mwaka 2017, aliingiza ranzi 101 (pointi zilizopatikana kwa mapigo yake), ukiiona hiyo namba peke yake unasema mzee bado yumo, lakini wastani wake ulikuwa .241 na alikuwa anafika besi, vile vituo ambavyo mpigaji anakimbilia, chini ya mara 3 kwa kila 10. Zile ranzi zinategemea nani yuko besini wewe ukiwa unapiga, na yeye alikuwa na Mike Trout kwenye timu, mmoja wa wapigaji bora wa ligi, anayefika besi sana.

Ndo maana usiangalie ranzi wala jina. Angalia mpira unatoka kwenye gongo kwa kasi gani, hiyo inapimwa viwanja vyote vya ligi kuu tangu 2015, na siku hizi hata kasi ya gongo lenyewe iko hadharani. Jicho la kuacha mipira mibaya linadumu kuliko mikono, ila mikono ikipungua kasi mzee analazimika kuanza kupiga mapema, na akianza mapema anadanganywa na mpira unaopinda. Utaona straikiauti zinapanda, yaani mara anazotolewa kwa kukosa au kuacha mipira mizuri mitatu. Chris Davis wa Baltimore alipiga homu rani 47 mwaka 2015 lakini alikuwa na straikiauti 208, wakampa milioni 161 kwa miaka 7, na kufika 2018 wastani wake ulikuwa .168. Dalili ilikuwepo kabla ya kusaini.

Lakini kuogopa umri tu nako ni kosa, na mimi hili linaniuma kwa sababu wazee wazuri wananyimwa kazi. Nelson Cruz alisaini Seattle akiwa na miaka 34, miaka 4 kwa milioni 57, akapiga homu rani 44, 43, 39 na 37. Alafu Minnesota wakamchukua 2019, akapiga homu rani 41 msimu ule aliotimiza miaka 39. Mkataba mfupi, gongo bado lina kasi, na kazi yake ilikuwa kupiga tu, sehemu kubwa ya mechi hakukaa uwanjani kudaka. Tangu 2022 timu zote 30 zina nafasi ya mpigaji maalumu wa aina hiyo, zamani ilikuwa upande mmoja wa ligi, kwahiyo mzee mwenye jicho na nguvu ana wateja mara mbili ya aliokuwa nao Cruz wakati ule.