Juala, kikapu na maposa: yanayosemwa barazani kuhusu sheria

Hapa Lamu, mazungumzo ya barazani yakigusa sheria, hayakawii kufika kwenye marufuku ya Kenya ya juala, yaani mfuko wa plastiki. "Watu walitii kwa kuogopa faini tu," husemwa. Faini yenyewe ni nzito kweli: tangu tarehe 28 Agosti 2017, mfuko wa plastiki wa kubebea unaweza kukugharimu shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4.

Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini askari hasimami kila kibanda cha samaki. Kilichogeuza mambo ni muuzaji na mnunuzi kubadilika siku moja. Kabla ya hapo, mwenye kikapu cha miyaa alionekana mtu wa kale, maana juala lilitolewa bure. Baada ya marufuku, aliyekuja sokoni mikono mitupu ndiye aliyeona haya. Mama zetu walikuwa na vikapu ndani muda wote. Sheria iliwaondolea upweke wa kuvibeba.

Wengine huamini kinyume chake, kwamba sheria ikipita tu desturi hufuata. La. Mwaka 2007, na tena 2011, Kenya ilijaribu kukataza mifuko myembamba peke yake, na mifuko ikaendelea kuzagaa. Ni nani dukani atakayepima wembamba wa mfuko kwa macho? Jirani hawezi kukukanya kwa kosa asiloweza kuliona.

Wapo pia wanaodhani kila plastiki ilikatazwa. Sivyo. Plastiki ya mkate uliofungwa kiwandani inaruhusiwa.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba jambo likishafutwa kisheria limekwisha. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani yetu hii, Lamu na Malindi zikiwemo, mwaka 1907. Mahakama haikuweza tena kumtambua mtu kuwa mali ya mwingine, na hilo lilikuwa kubwa. Lakini sokoni sheria ina macho mengi ya kuisaidia. Chumbani kwa wazee wanaopokea maposa haina hata moja. Nimekaa katika chumba kama hicho. Kijana alikuwa na kazi, na dini yake haikuwa na shaka. Mzee mmoja akauliza tu, kwa sauti ya chini, babu yake alikuwa wa nani. Posa ile haikujibiwa.