Je, wajua kwa nini mchoro uliovuka mpaka haufunguliwi siku unapofika?

Taasisi za utamaduni zinazounganisha nchi mbili, kama Alliance française (1883), British Council (1934) na Goethe-Institut (1951), watu wengi huzijua kwa madarasa ya lugha. Kazi yao nyingine ni kupeleka na kupokea maonyesho ya sanaa. Sanduku la michoro likishushwa kwenye lori huingizwa chumbani, na kwa kawaida hupita saa 24 kabla mtu yeyote hajalegeza hata skrubu moja. Anayeliona hilo mara ya kwanza hudhani ni urasimu.

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Baada ya dakika chache imelowa kwa nje: mvuke wa hewani umekutana na kioo baridi ukageuka maji. Mchoro uliotoka kwenye tumbo la ndege nao huwa baridi. Ukifunguliwa papo hapo kwenye ukumbi wenye joto, matone kama hayo hukaa juu ya rangi, nyuma ya turubai na ndani ya kioo cha fremu.

Na hilo la matone ndilo dogo. Mchoro wa rangi za mafuta ni matabaka: turubai, gundi iliyopakwa juu yake, rangi ya msingi, kisha rangi zenyewe. Gundi ikinywa unyevu hulegea, ikikauka hukaza. Rangi kuukuu imeshakakamaa, haiwezi kufuata mwendo huo. Hupasuka, kingo za vipande hunyanyuka, mwishowe hubanduka. Ubao nao hutanuka kwa upana zaidi kuliko kwa urefu wa nyuzi zake, ndiyo maana mchoro wa kwenye ubao hupinda.

Sanduku zuri lina kuta za plaiwudi, mpira wa kuziba kifuniko na sponji nene ndani. Hayo ndiyo yaliyozuia jua la uwanja wa ndege lisipenye, na ni hayo hayo yanayofanya baridi ya ndani itoke polepole. Kwa hiyo sanduku likiwa bora, haraka ndiyo hatari zaidi. Liachwe limesimama kama mishale yake inavyoonyesha, ndani ya ukumbi wa maonyesho au chumba chenye hewa kama ya ukumbi huo. Kuliacha koridoni ni kupoteza muda, kwa sababu litazoea hewa isiyo yake. Kumbi nyingi hulenga nyuzijoto 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na kiyoyozi kiwe kimeshawashwa kabla lori halijafika.

Linaloharibu mpango mara nyingi ni kadi za mwaliko. Tarehe ya ufunguzi hupangwa kwa kufuata ratiba ya wageni rasmi, halafu mzigo hukwama forodhani. Hesabu irudi nyuma: ufunguzi ukiwa Ijumaa, sanduku liwe ndani Jumatatu, lifunguliwe na kukaguliwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi ziwe za kutundika na kurekebisha taa.

Forodhani, nchi zilizojiunga na mfumo wa karneti ya ATA hutumia hati hiyo ya kuingiza mali kwa muda, iliyotokana na mkataba wa 1961. Hutolewa na chemba ya biashara, hudumu hadi mwaka mmoja, na huruhusu kazi kuingia bila ushuru kwa sharti kwamba zitarudi. Muhuri ukisahaulika wakati wa kutoka, au mchoro mmoja ukiuzwa, ushuru hudaiwa. Jambo la kuomba mapema ni ukaguzi ufanyike ukumbini. Sanduku likifunguliwa kwenye ghala la forodha, yote tuliyoeleza hapo juu yamepotea. Mbao nene za sanduku nazo ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, yaani kwa kawaida zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Plaiwudi haidaiwi muhuri huo, maana iliunganishwa kwa gundi, joto na mgandamizo.

Siku ya kufungua, mhifadhi hushika ripoti ya hali iliyoandikwa mchoro ulipoondoka. Humulika tochi kutoka ubavuni, karibu sambamba na mchoro, na kila ufa ulionyanyuka hutupa kivuli chake. Hulinganisha na picha, alama kwa alama, kisha pande zote mbili husaini. Mtu akiruka hatua hii kwa haraka, baadaye hakuna awezaye kusema mkwaruzo ulitokea upande gani wa mpaka, na bima ya “msumari hadi msumari” huhesabika tangu mchoro ulipotolewa ukutani kwa mwenyewe mpaka utakapotundikwa tena pale pale.