Maumivu baada ya kung'oa jino: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Usimeze dawa mpaka uumwe kwelikweli."
Imani hii inawatesa watu bure. Ganzi huisha ndani ya saa chache, na ikishaisha maumivu huja kwa kishindo, ilhali kidonge huhitaji nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi. Meza dozi ya kwanza mdomo ungali mzito kwa ganzi. Siku ile na inayofuata, meza kwa saa ulizoelekezwa, usingoje hadi jino likukumbushe.

"Bila dawa kali hupati nafuu."
Kwa watu wazima wengi, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000 hutuliza vizuri kuliko hata dawa za jamii ya morfini, kwa sababu kila moja inapambana na maumivu kwa njia yake. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, na kumbuka kuwa dawa nyingi za mafua huwa nayo ndani. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ujauzito au pumu asiguse ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari.

"Bandika aspirini kwenye fizi."
Hapana kabisa. Huunguza fizi na kuacha kidonda cheupe juu ya kile ulicho nacho. Ukiimeza nayo, damu huchelewa kuganda. Ila anayeitumia kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake. Amweleze daktari wa meno mapema.

"Antibayotiki hupunguza maumivu."
Hupambana na bakteria tu.

"Ukifika nyumbani, sukutua kwa maji ya chumvi."
Chumvi ni nzuri, tatizo ni haraka. Jino likitoka, shimo lake hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa donge linalofunika mfupa na neva. Donge hilo ndilo linalokukinga na maumivu makali kuliko kidonge chochote. Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na tafadhali usivute sigara. Kesho yake, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, inamisha kichwa huku na huku polepole, kisha fungua mdomo maji yamwagike yenyewe.

Joto nalo lisubiri. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa shavuni, dakika 15 hivi, pumzika, kisha rudia.

"Maumivu kuzidi siku ya tatu ni kawaida, vumilia."
Uvimbe, ndiyo, huweza kufika kilele siku ya pili au ya tatu. Maumivu yenyewe yanatakiwa yawe yanapungua. Yakipanda upya kati ya siku ya pili na ya nne, yakapiga hadi sikioni, mdomo ukanuka na shimo likaonekana tupu, huenda donge limetoka. Rudi kwa daktari: atalisafisha shimo na kuweka dawa ndani yake, na nafuu kwa kawaida huja upesi. Ukiwa na homa, damu isiyokoma hata baada ya kung'ata shashi kwa nusu saa, au taabu ya kufungua mdomo, nenda siku hiyohiyo. Kumeza au kupumua kukiwa kwa shida, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.