Ramayana kwa picha si njia ya mkato

Wazazi wengi hudhani kwamba kumsimulia mtoto Ramayana, utenzi mkuu wa Wahindu kuhusu mwana wa mfalme Rama, kwa picha ni mbinu ya siku hizi ya kurahisisha mambo, na kwamba maandiko yenyewe ni yale ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, basi. Si kweli. Kwa karne nyingi Wahindu, wakubwa kwa wadogo, waliyapokea kwa sikio na jicho.

Chukua kijiji cha Naya, West Bengal, India, wanakoishi wachoraji waitwao patua. Huichora hadithi kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa kitambaa kwa nyuma, kwa rangi za mimea zilizochanganywa na utomvu wa tunda la bel. Kisha patua huikunjua picha moja baada ya nyingine, akionyesha kwa kidole huku akiimba: Ravana, mfalme wa mashetani, anamteka Sita, mke wa Rama; ndege mzee Jatayu anajitosa kumwokoa, anakatwa mabawa. Hapo mtoto huuliza mwenyewe, mbona ndege alijitosa ilhali alizidiwa nguvu? (Na ajabu kwa wageni: patua wengi ni Waislamu.)

Rajasthan nako, jimbo jingine la India, wana kaavad, sanduku la mbao lenye milango iliyochorwa, inayofunguliwa mmoja mmoja kadiri hadithi inavyosonga.